Kumtembelea Dada Ng'ambo ya Ruvuma

Tuliondoka Masasi kwa sababu moja tu: mume wangu alitaka kumwona dada yake. Wazazi wao, Wamakonde, walivuka Ruvuma mume wangu angali mtoto, wakikimbia kazi za lazima za Wareno. Dada yule alikwisha kuolewa, akabaki ng'ambo. Sote wawili ni walimu wa misheni, na shule ilikuwa imefungwa, nikasema twende tukatembee siku chache. Mimi ni Myao, Umakonde wa Wareno nilikuwa nausikia tu.

Newala tulifika kwa lori la korosho, vumbi mpaka kwenye kope. Ofisini kwa Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, karani alituandikia cheti cha kuvuka, kikagongwa muhuri. Mume wangu akakitia ndani ya Kitabu cha Sala.

"Baba Agnesi," nikamtania, "kwa muhuri huo hata simba atakupisha."

Alicheka, nami niliamini kabisa maneno yangu.

Asubuhi tuliteremka bondeni, tukavuka mto kwa mtumbwi. Ukingoni alisimama askari wa Wareno, naye Mmakonde. Cheti alikitupia jicho tu.

"Unakwenda kwa nani?"

"Kwa dada yangu," mume wangu akajibu kwa furaha.

"Tumbo moja?"

"Tumbo moja."

"Basi wewe ni mtu wetu. Mwingereza hawezi kumwandikia cheti mtu wa Mreno. Utabaki huku, ukalime barabara na wenzako."

Nilidhani anafanya mzaha. Mara akamkamata mkono. Tangu lini udugu ukawa kosa? Mtu kafundishwa kusema kweli, kasema kweli, anakamatwa! Nilipiga kelele kwamba huyu ni mwalimu wa Masasi, ana watoto Masasi.

"Twende kwa huyo dada," askari akasema. "Yeye ndiye atakayeamua."

Tulipanda uwandani juani. Kule juu maji ni taabu kama Newala, wanawake huyafuata bondeni. Hata hivyo mgeni hupewa maji kabla hajaulizwa habari, na ndugu hupewa hata kama ni ya mwisho.

Tulimkuta dada uani, mama mzima mwenye ndonya mdomoni, ndiyo kwanza ametua mtungi.

"Mama, huyu ni kaka yako?" askari akauliza.

Alimtazama mume wangu. Kisha akautazama mkono wa askari uliomshika.

"Shikamoo, dada," mume wangu akasema.

Hakuitikia. "Kaka yangu alikufa mdogo. Huyu simjui."

"Dada, nipe basi maji ninywe."

Mama yule akajitwika mtungi, akaingia nao ndani, akafunga mlango.

Sijapata kuona jambo kama lile, wala askari hakupata kuliona, maana alibaki ameduwaa, akiutazama mlango. Kisha akamwachia mume wangu mkono.

"Ndugu hanyimwi maji," akasema. "Rudini kwenu, waongo ninyi."

Tuliteremka mbiombio. Mtumbwini ndipo hasira zikanipanda, nikaanza kumlaani wifi yangu na roho yake mbaya.

"Nyamaza, Mama Agnesi," mume wangu akasema. "Ameniokoa."

Nililia mpaka ukingo wa kwetu. Niliona aibu, na hofu ilikuwa bado haijanitoka.

Ninyi mnaotaka kwenda kutembea ng'ambo, msijivunie muhuri kama mimi. Cheti hueleza kwenu mnahesabiwa nani. Ulizeni kwanza kule mwendako mtahesabiwa nani, maana kwa hilo tu nilikaribia kurudi peke yangu.

Masasi majirani walijaa barazani kutaka habari.

"Dada ulimwona, Mwalimu?"

"Nilimwona."

"Miaka yote hiyo! Je, alikutambua?"

Mume wangu aliinama.

"Alinitambua," akasema. "Mara tu aliponiona."