Hilaria na Daktari wa Kwenye Kioo

Pale Lundo, kijiji cha kando ya ziwa, watu wakitaka kujua kama habari ni ya kweli hawaendi kwa mtendaji wa kata, wanampelekea Hilaria. Si kwamba anajua mengi. Ni kwamba haamini, na habari ikimshinda hata yeye kuikataa, basi ina uzima ndani yake. Huyu ndiye mama aliyewaambia watoa chanjo wachomane wao kwanza ndipo wamguse mwanawe. Ndiye anayeonja chumvi dukani kabla ya kuinunua, huku amemkazia macho mwenye duka. Padre mgeni alipoletwa kutoka mkoa mwingine, Hilaria alikaa benchi la mbele Jumapili kadhaa, kitabu cha misa kimefunguliwa mapajani, akifuatilia kama padre ataruka mahali. Hakuruka. Hilaria akahitimisha kwamba ni mjanja.

Usimcheke sana, maana ana sababu. Binti yake wa pekee, Glorious, alipokuwa mtoto wa kutambaa alivimba mikono na miguu akawa analia kutwa nzima, na kila aliyemwona alikuja na lake. Mmoja alisema ni meno, mwingine malaria, na shangazi mmoja akanong'ona kwamba mtoto amelogwa na upande wa baba. Mwishowe akapelekwa hospitali ya Mbinga, juu milimani. Huko mtawa mmoja, Sista Bonifasia, daktari wa watoto, alipima damu akasema ni siko seli: mtoto kazaliwa nayo na ataishi nayo. Hakumbembeleza. Alimwambia ukweli usoni, na tangu siku ile Sista akawa mtu mmoja duniani ambaye Hilaria alimwamini bila kumwonja kwanza.

Kwa hiyo mama na mwana wakawa watu wa kupanda Mbinga kila mwezi. Walianza enzi za barabara ya matope, wamekaa juu ya magunia, hadi sasa kuna lami na safari haina tena kilio. Hilaria alibeba usipa wake, vile visamaki vidogo vya ziwani alivyovikausha mwenyewe, akawauzia Wamatengo, wenyeji wa huko juu, na kurudi na maharage. Ndani ya chumba cha Sista, msemaji alikuwa yeye. Sista akiuliza, "Glorious, unajisikiaje?" Hilaria hudakia, "Anaendelea vizuri, Sista, ila juzi mgongo ulimsumbua." Glorious alikaa ndani ya sweta lake, maana baridi ya Mbinga huyaamsha maumivu, akitazama dirishani. Alianza kutazama dirisha lile akiwa wa kubebwa. Sasa yuko kidato cha nne, na bado alikuwa analitazama.

Siku Sista Bonifasia alipoitoa habari yake, nje kulikuwa na ukungu mzito.

"Mama Glorious, binti amekua. Mimi ni wa watoto. Mwakani atahamia kliniki ya watu wazima."

"Amekosa nini?"

"Hajakosa. Amekua."

Sista akaeleza taratibu, kama anayemwogesha mtoto maji ya baridi. Vijana wengi wa umri ule, alisema, hupotea katikati. Wakitoka kliniki ya watoto hawafiki ya wakubwa, kwa sababu huko hakuna anayewajua na wao wenyewe hawajui kujieleza. Mmoja wa vijana wake mwenyewe, Methodi wa kule Litumbandyosi, alipotea hivyo. Aliporudishwa alikuwa amebebwa, na hakuondoka tena hospitalini akiwa hai. Ndiyo maana sasa kuna utaratibu mpya. Kabla ya kuhama, Glorious ataongea na daktari wa wakubwa kwa njia ya mtandao, hapo hapo kituo cha afya cha nyumbani, kwenye kishikwambi. Hakuna safari, hakuna baridi. Watazoeana, na binti atajifunza kujisemea.

"Kwenye simu?" Hilaria akauliza. "Huko huko matapeli wanakotutumia ile ya 'hiyo hela itume kwenye namba hii'?"

Sista alicheka. Hilaria hakucheka. Njia nzima ya kurudi ziwani aliwaza juu ya Methodi, na juu ya mtu asiyemjua atakayemtazama mwanawe akiwa mbali ambako hata harufu ya mgonjwa haifiki. Daktari gani haoni ulimi, hagusi tumbo? Na kwa nini ghafla hawataki wapande Mbinga? Mtu akikuambia usisumbuke kuja kwake, kuna kitu anakificha.

Sasa sikia alichokifanya. Kwetu huku, mtu akienda kwa mganga wa kienyeji hajielezi. Anakaa mkekani anafunga mdomo, na mganga ndiye anayetakiwa kusema kilichomleta: umekuja kwa ajili ya mtoto, mtoto anaumwa viungo, fulani ana kijicho nawe. Akipatia, unabaki. Akikosea, unajifunga kitenge chako unaondoka, wala hakuna wa kukulaumu. Hilaria ni Mkristo wa kupokea komunyo, na ukimuuliza kama aliwahi kukaa kwenye mkeka wa namna hiyo atakuuliza kwanza nani amekutuma. Lakini utaratibu aliujua barabara.

"Ukifika mbele ya huyo wa kwenye kioo," akamwambia Glorious, "usimwambie kitu. Kama ni daktari kweli, ataona mwenyewe."

Glorious alifungua mdomo, akamtazama mama yake, akaufunga.

Kituoni, Nesi Devotha, dada wa Kagera aliyepangiwa kazi Lundo na bado hajazoea joto, alikiegemeza kishikwambi kwenye boksi la glavu. Akatokea kijana wa koti jeupe, ndevu zimeanza juzi.

"Shikamoo mama. Mimi naitwa Daktari Hamphrey."

Mdomo ulifunguka kwanza, sauti ikafuata baadaye. Hilaria akamgusa binti yake ubavuni.

"Marahaba," akasema, akisubiri kuona kama na yeye atachelewa kusikia.

Daktari akamgeukia Glorious. Maumivu? Hapana. Popote? Hakuna. Shule unafika bila shida? Ndiyo. Vidonge unameza? Ndiyo. Wiki ile ile mgongo ulikuwa umemlaza kitandani na macho yalikuwa bado yana unjano, na Hilaria alikaa pale amejikausha, anasubiri kijana aone. Kijana hakuona. Alitabasamu, akampongeza binti kwa kujitunza, akasema kwa hali nzuri namna hiyo wataonana baada ya miezi mitatu.

"Umesikia?" Hilaria alisema walipofika nje. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemkamata mwizi. "Hajui lolote."

Glorious alikuwa nyuma kidogo, na Hilaria akamwambia aongeze mwendo.

Maana binti naye siku hizo alikuwa na mambo. Alikuwa anachelewa kutoka shule, wenzake wakipita yeye hayupo. Akitumwa maji ziwani ananung'unika, yeye aliyekuwa akipenda kwenda. Kumenya mihogo, lazima akae. Anatoka chumbani kwa kushika ukuta, polepole, kama bibi harusi. Hilaria aliliona lote hilo, na moyo wake ukaenda pale moyo wa mama wa binti huenda: kuna mwanaume. Akaanza uchunguzi. Aliuliza kwa fundi pikipiki, akauliza kwa muuza chipsi. Alimpigia mumewe Nazari, ambaye ni utingo wa malori ya makaa ya mawe kule machimbo ya Ngaka, na Nazari aliposema "Mwache mtoto, mke wangu," Hilaria akamshuku na yeye, kwamba ameshaambiwa na anaficha.

Kabla miezi mitatu haijafika, Nesi Devotha alimfuata nyumbani, kwenye chanja za kuanikia usipa. Daktari Hamphrey alikuwa ameongea na Sista Bonifasia, na Sista alipoambiwa kwamba Glorious hana maumivu popote, alisema mtoto huyo hajawahi kupitisha mwezi bila maumivu tangu amjue. Kwa hiyo daktari anamhitaji tena kesho. Na safari hii anaomba kuongea naye peke yake.

"Peke yake na mwanaume?"

"Mama Glorious, si yuko kwenye kioo?"

"Kwani kioo hakina macho?"

Nesi akasema ndio utaratibu wa kliniki ya wakubwa, mgonjwa anajisemea. Hilaria akakubali haraka mno, na mtu yeyote anayemjua angeshtuka. Kesho yake alimsindikiza binti hadi mlangoni, akakaa kwenye benchi kwa adabu. Nesi alipofunga mlango na kwenda kwenye chumba cha sindano, Hilaria alizunguka nyuma ya jengo, akapiga magoti kwenye tope la tangi la maji, chini ya dirisha. Siwezi kumsifu kwa hilo. Ila nakuuliza, wewe ungebaki kwenye benchi?

Jambo la kwanza alilolisikia lilimpandisha damu kichwani.

"Una rafiki wa kiume?" ilisema sauti ya kioo.

Alikuwa tayari amenyanyuka nusu. Kumbe ndicho walichokuwa wakikitafuta! Lakini sauti ikaendelea, "Nauliza kwa sababu vidonge unavyomeza havifai mimba ikiingia. Ni swali la dawa, si la kukuhukumu." Na Glorious akajibu, bila kigugumizi, sauti ambayo Hilaria hakuizoea nyumbani:

"Sina. Mama anafikiri ninaye, kwa vile nachelewa."

"Kwa nini unachelewa?"

"Natembea polepole. Nyonga ya kushoto inaniuma. Kwenye kilima cha shule nakaa mara nyingi."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Hilaria akarudi chini kwenye tope. Pasaka ilikuwa imepita na mvua zake, na sasa upepo wa mwezi wa nane ulikuwa unavuma.

Daktari akamwomba asogeze kishikwambi, kisha atembee hadi ukutani na kurudi. Dirisha lilikuwa na wavu. Hilaria alinyanyua macho tu, akamwona mwanawe akienda: mguu mmoja unatua, wa pili unaburutwa kidogo, mkono unatafuta kitu cha kushika. Ni mwendo ule ule aliokuwa akiuona kila asubuhi na kuuita maringo.

Daktari akasema mfupa wa nyonga unaweza kukosa damu kwa wagonjwa wa siko seli, kwamba lazima apigwe picha wiki hii hii, na kwamba wangesubiri ile miezi mitatu pengine wangekuwa wanaongea habari za magongo.

"Mbona mara ile hukuniambia?"

"Mama alisema nisiseme. Tukuangalie kama utaona mwenyewe."

"Nami sikuona."

"Hukuona." Glorious alicheka kidogo. "Usijali. Mama nilimpa muda mrefu kuliko wewe."

"Unamaanisha nini?"

"Tangu Pasaka nasubiri aone. Nikasema anayejua kuchunguza watu wote, mimi je? Nikishika ukuta anasema naringa. Nikichelewa anaenda kumuuliza fundi pikipiki."

"Ungemwambia."

"Mama akiambiwa kitu haamini, daktari. Angeniuliza nani kanifundisha kusema hivyo."

Hilaria alitaka kukasirika na hasira ikakataa kuja. Alijitafutia maneno ya kujitetea, kwamba amempandisha mtoto huyu Mbinga kwenye mvua na jua, kwamba hajawahi kulala usingizi mtoto akiumwa. Yote yalikuwa ya kweli. Lakini yule kijana wa kwenye kioo alipewa dakika chache akashindwa, yeye amepewa miezi na macho yote mawili, na mtoto nyumba moja naye.

"Tumwite mama?" daktari akauliza.

"Mwite. Ila sema wewe."

Nesi Devotha alipofungua mlango wa mbele benchi lilikuwa tupu. Hilaria alitokea kwenye kona ya jengo, kitenge kimelowa tope magotini. Nesi aliyatazama yale magoti, akampisha apite. Ndani, Glorious alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, na Daktari Hamphrey akasafisha koo, mdomo kwanza na sauti baadaye.

"Mama, kuna jambo tumeliongea hapa na Glorious..."

Hilaria alikiinulia kioo kiganja. "Subiri kidogo, baba," akasema. Akavuta kiti hadi karibu na binti yake, akakaa.

"Inakuuma wapi, mwanangu?"

Glorious alimchunguza mama yake usoni, jicho kwa jicho, akitafuta mtego umewekwa wapi. Alichukua muda mrefu kutafuta. Kisha akaushika mkono wa Hilaria, akaupeleka kwenye nyonga.