Taa ya check engine ilizimwa, mama akakosa kumuaga mdogo wake

Wakuu, habari za mapambano.

Kisa hiki sijakitia chumvi. Wenye magari ya turbo someni hadi mwisho, wengine mnaweza kupita tu.

Naishi Iringa, Mlandege. Gari langu ni la turbo, tamu sana kwenye milima yetu huku. Mwezi uliopita taa ya check engine ikawaka. Nikachomeka kile kidude cha OBD cha kusomea hitilafu, simu ikaniletea code ya joto la exhaust, yaani bomba la moshi.

Mimi nikisikia exhaust na sensa, kichwani inakuja oxygen sensor. Nikanunua mpya, nikafunga. Taa ikarudi vilevile.

Nisimame hapa kidogo kwa faida ya wengine. Kwenye exhaust ya gari langu kuna sensa za aina mbili. Oxygen sensor ina nyaya nne, inalisaidia gari kuchanganya mafuta na hewa sawasawa. Nyingine ina nyaya mbili tu, imekaa kabla ya turbo, jirani na masega ya kuchuja moshi (catalytic converter), ambayo kwenye gari langu nayo yako kabla ya turbo. Hiyo inapima joto. Code ilikuwa ya hii, mimi nikabadilisha ile.

Nikampelekea fundi wangu. Akacheka.

"Bro, hii sensa tu. Wenzako wote wameshaitoa."

Akaing'oa, akaziba tundu, akaunga kiresista kwenye soketi ili gari lidhani joto liko poa. Taa ikazima. Nilivyofurahi, nikampigia na honi wakati natoka.

Siku chache baadaye, alfajiri, simu kutoka Mbeya. Mama mdogo Zuhura amefariki, anazikwa baada ya swala ya alasiri.

Sisi Waislamu maiti haicheleweshwi, na kwetu akina mama hawaendi makaburini. Kwa hiyo mama yangu ilibidi afike kabla jeneza halijatoka nyumbani.

"Nimuone uso tu, mwanangu," aliniambia. "Huyu nimembeba mgongoni."

Alitaka kupanda basi. Nikamwambia mabasi yanasimamasimama, twende na gari langu.

Tulipopita Makambako gari likaanza kuishiwa nguvu. Nyuma moshi wa bluu. Kwenye dashboard hakuna taa hata moja, pasafi kabisa. Kabla ya Igawa turbo ikapiga mlio mkali, gari likagoma.

Nilikuja kuonyeshwa baadaye: masega yalipata joto kupita kiasi yakavunjika, vipande vikaingia kwenye turbo. Ile sensa ilikuwa inasema kweli, sisi tukaiziba mdomo.

Mabasi yalipita yamejaa. Kila gari nililopungia mkono lilinipita. Mama alikaa kwenye jiwe pembeni ya barabara, hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenigombeza.

Alasiri ikaingia. Rehema, binti wa marehemu, akapiga video call.

"Mama mkubwa, wanataka kutoka. Wajomba wamekubali nikuonyeshe kidogo."

Jua lilikuwa linapiga kwenye kioo cha simu, mama haoni kitu. Nikavua koti nikamfunika nalo, yeye na simu yake. Nikamsikia humo ndani akimsomea dua, halafu akamwita kwa jina lao la utotoni. Mara network ikakata. Alibaki ndani ya lile koti muda mrefu.

Nililia wakuu, sioni aibu kusema.

Tulipata lori, tukafika Mbeya giza limeshaingia na watu wameshazika.

Ninachowaomba: code ikija, jueni kwanza ni sensa ipi na inalalamikia nini. Kuzima taa siyo kutengeneza gari. Waliowahi kuwekewa kiresista semeni yaliyowakuta, na mafundi mliomo humu nirekebisheni nilipokosea.

Turbo nimebadilisha, na sensa ya nyaya mbili imerudi mahali pake. Mama bado anapanda gari langu. Ila kila nikiwasha, anazitazama zile taa za dashboard mpaka ya mwisho izime, kisha ananiuliza kwa upole:

"Imezima yenyewe, au umeizima?"