Tafuta mtu akusomee, mwanangu

Leo nimegoma kuondoka ofisi ya serikali mpaka maoni yangu yapigwe muhuri.

Mnajua mimi sioni, simu ndiyo hunisomea kwa sauti.

Sasa serikali inataka maoni yetu kuhusu viwango vipya vya tovuti zake, ili kila mtu aweze kuzitumia. Kila mtu, wamesema! Nikafungua hilo tangazo. Simu ikasema: "Picha." Ukurasa wa pili: "Picha." Wamepiga karatasi picha wakazibandika hivyo hivyo, na simu yangu haisomi maandishi yaliyo ndani ya picha.

Asubuhi nikaenda ofisini kwao hapa Changamwe. Karani ni kijana mwenye adabu, shikamoo yangu alinipa.

"Mama, si utafute mtu akusomee?"

Wallahi nilichoka. Barua zangu za hospitali nimesomewa na majirani mpaka mtaa wetu mzima wa Magongo ukajua tumbo langu lina nini. Nisomewe tena?

Nikaketi kwenye benchi lao, nikatoa kibao na msumari wangu, nikaandika kwa nukta nundu, maandishi yetu ya kupapasa kwa vidole. Kurasa mbili. Tok tok tok, foleni yote ikisikiliza.

Nikampa karani. Nikamsikia anazigeuzageuza.

"Mama, hizi hazina wino. Tutazisomaje?"

"Tafuta mtu akusomee, mwanangu."

Foleni ikaangua kicheko. Mimi sikubanduka mpaka akapiga muhuri. Niliusikia.

Nawe ushawahi kuambiwa hivyo? Niandikie hapa chini.

Lakini maneno, tafadhali. Usinitumie picha.