Panga Ndani ya Dawa ya Buluu

Nimechoka, lakini mibuni ya mama hapa Giakanja haiwezi kungoja kunyunyiziwa dawa. Nafungua pakiti ya dawa ya buluu, na vumbi lake linanikwaruza kooni kama Jumamosi ile ya utotoni. Nilikuwa nimekoroga dawa hiyo kwa panga la mama, nikalisahau ndani ya ndoo. Lilipotolewa lilikuwa jekundu kama udongo wa shamba. Nilijua nitachapwa.

Baba, aliyefundisha kemia huko Mwea na kuja nyumbani mara moja kwa mwezi, hakukasirika.

“Ndani ya dawa, asidi ilikuwa imeshikana na shaba,” alisema. “Ikapata chuma cha panga, ikaacha shaba, ndiyo hii nyekundu. Wanakemia wa zamani hawakujua ni kwa nini. Waliandika tu orodha, nani anaacha nani akipata nani.”

Mama aliegemea jembe. “Na huyo ameachwa, waliandika anaenda wapi?”

Baba alikoroga ndoo kwa muda mrefu.

“Haendi mahali. Anabaki hapo hapo, anashika chenye kiko karibu.”

Mama alinishika mkono kwa nguvu, tukaenda kulisugua panga kwa mchanga.