Nilikata Nyaya za Spika, Akafungwa Fundi

Habari zenu nyote. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Morogoro, mama wa binti mmoja wa miaka kumi na saba. Mwenye ukurasa, naomba unifichie jina, Watanzania wa Johannesburg tunajuana. Huwa nawasoma kwenye duka la intaneti Mayfair, nikipeleka nguo nilizoshona. Leo naandika mimi. Najua wengine mtanitukana. Tukaneni, lakini mnishauri.

Mume wangu ni wa huku huku Afrika Kusini. Tulikutana Morogoro alipokuwa uhamishoni, akanioa, na kwao kulipokuwa huru akarudi nami, mtoto nikiwa nimembeba mgongoni. Leo ana cheo na tuna nyumba Kensington. Kiswahili alikuwa anakijua kuliko baadhi ya wajomba zangu, lakini siku hizi anakitoa akitaka kunitukana tu.

Mwaka jana aliamua nyumba iwe na chumba cha sinema, na akachagua chumba changu cha kushonea. Nilitoka kununua uzi, niliporudi nikakuta cherehani na vitenge vyangu vimetupwa gereji. Aliyesaidia kuvibeba ni binti yangu. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba kushona ni kushona tu, hata gereji kuna taa.

Akaletwa fundi, Mkongo wa Bukavu anayekaa Jeppestown. Nitamwita Bahati. Alifurahi sana kukuta mtu wa Kiswahili katika nyumba ile. Kila siku nilimpikia chai, naye alinieleza kazi yake kama vile ni mimi niliyemwajiri. "Spika za mbele zitazame masikio ya mtu mwenye kukaa, maman. Ukiziweka juu sana, sauti inapita juu ya kichwa." Mwaka mzima hakuna mtu aliyekuwa amenieleza jambo lolote kwa upole namna ile.

Siku ya tatu mume wangu alirudi saa sita mchana na dada mmoja wa ofisini kwake. Habari zao nilikuwa nazo, ila hakuwahi kumleta nyumbani. Akamkalisha kwenye kochi jipya, katikati, pale ambapo Bahati alisema sauti zote hukutana. Kisha akanipa mimi ncha ya futi ya kupimia.

"Shika hapo usawa wa sikio lake, fundi apime."

Nikashika. Ndugu zangu, nilishika. Nilisikia harufu ya mafuta ya nywele zake, mkono wangu ukiwa karibu na hereni yake, na yeye anabonyeza simu.

Bahati aliinamisha macho, akauliza polepole, "Na maman atakaa wapi? Nimupimie naye?"

Mume wangu akacheka. "Huyu? Huyu kazi yake kuleta bisi. Sinema ya Kiingereza ataelewa nini?"

Alisema kwa Kiswahili safi cha Morogoro. Binti yangu alikuwa mlangoni. Kiswahili haongei, lakini anakielewa chote. Naye akacheka.

Jumamosi walialikwa wakubwa wa ofisini kuja kuifungua hiyo sinema. Bahati alikuwa amemaliza tangu Alhamisi. Ijumaa asubuhi nilibaki peke yangu. Nikachukua mkasi, nikainua zulia, nikavuta nyaya za spika za nyuma na za ile kubwa ya besi, nikazikatakata na kuzitia kwenye mfuko wa takataka. Gari la taka lilipoubeba, nikapunga mkono kuziaga nyaya. Nilitaka aaibike mbele ya wageni wake. Hilo tu, wallahi.

Akaaibika kweli. Picha ikatokea, sauti ikalia upande mmoja kama redio mbovu. Bosi wake akauliza kama ameuziwa spika za plastiki. Mume wangu akainua zulia, akakuta nyaya hakuna. Nilisimama na sinia la bisi nikingoja anigeukie. Hata hakuniangalia. Hakuwaza kabisa kwamba mimi naweza.

"Eish, kwerekwere yule ameniibia," alisema. Ndilo jina wanalotuita sisi wageni, na alilitamka mbele yangu.

Alimpigia Bahati aje kurekebisha kitu kidogo. Bahati akaja na mfuko wake wa vifaa, akakuta polisi getini.

"Maman, waambie. Weye uliniona nikizilaza zile nyaya."

Mume wangu akanigeukia. "Ulimwona?"

Nikasema, "Sikuona kitu. Mimi nashonea gereji."

Walipomkagua wakakuta karatasi zake za ukimbizi zimepitwa na muda. Wakaondoka naye.

Juzi alikuja mke wa Bahati, msusi, mtoto mgongoni. Hakunilaumu. Alisema kesi ya wizi ikimwangukia mumewe, watamrudisha Kongo, na walikotoka waliwakimbia watu waliomuua kaka wa Bahati. Akapiga magoti kwenye lami. "Maman, alikuwa ananiambia weye ni dada yake huku. Njoo useme neno moja tu mbele ya hakimu."

Nikampa mfuko wa unga, nikafunga geti. Nilimsikia amekaa nje muda mrefu, akimbembeleza mtoto.

Kesi ni Jumatatu. Nikisema ukweli, mume wangu atapata sababu aliyokuwa anaitafuta ya kunifukuza, na binti yangu ameshasema yeye atabaki na baba yake. Tena huenda nikafungwa mimi. Nikinyamaza, mtu aliyeniuliza nitakaa wapi atarudishwa kwenye bunduki kwa kosa langu. Usiku silali.

Ndugu zangu, msinionee huruma, sikuja kwa hilo. Niambieni tu, Jumatatu niende mahakamani au nikae kimya? Nifanye nini?