Dirisha la Kuku

Jirani yangu hapa Uthiru ni fundi wa magari, na kila gari hulipigapiga ubavuni kama ng'ombe kabla ya kulifungua. Alipogeuza kigari kikuukuu cha kusambazia mkate kuwa nyumba ya safari, alikata dirisha ubavuni, chini kabisa. Tukamcheka, "Fundi, hilo ni la kuku?" Akapuliza vumbi la chuma, akaendelea kukata. Mkewe mgongo umemlaza, hawezi kuketi, na alitaka kuiona bahari kabla hajafa. Nikafuatana nao. Darajani Kilifi maji yakafunguka, buluu mpaka macho yakaisha, nikasahau hata kusali. Fundi hakuyatazama. Alipunguza mwendo, macho kwenye kioo kinachomwonyesha mkewe amelala, lile dirisha likiwa usawa wa mto wake wa kulalia.

"Unaona, Mama Waceke?"

"Haiya!" mkewe akasema. "Kumbe haina ng'ambo!"