Rafiki yangu Kavira wa Alimbongo: alikuwa mutu ao hapana?

Bakubwa na badogo wa hapa, mujambo. Mimi ni koko, ni kusema bibi mwenye bajukuu, wa Butembo, masomo yangu iliishia mwaka ya pili. Hii habari ni yangu mwenyewe, siongezi kitu. Pale sijui, nitasema sijui.

Siku ya Mungu, tulipotoka kanisani, mujukuu wangu Divine aliniwekea filme ya batoto. Ilikuwa ya Kifaransa, donc yeye ndiye alikuwa ananitafsiria.

Babinti babili banajenga nyumba ya majani mu pori. Banapika udongo, banacheka. Kisha mumoja anakua, anaenda kusoma mu mji. Mwenzake anabakia pale peke yake.

Nikalia. Nikauliza huyu mwenye alibakia ni mutoto wa nani, na nani atamupikia.

Divine akacheka mpaka akashika tumbo. "Koko, ule hayuko. Mwenzake alimuwaza tu mu kichwa."

Nilikasirika kidogo. Nikamuambia hata mimi nilikuwa na rafiki wa vile nikiwa mutoto mu kijiji ya Alimbongo, mais wangu alikuwa mutu kabisa. Kavira. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya shamba ya maharagi. Alikuwa na kovu mu goti, na hakupenda kubeba mutoto ku mugongo, hata kama mutoto ni kigunzi cha mahindi tu.

"Kavira wa nani?" akauliza.

Bakubwa, mimi sisahau jina. Muke wa mwalimu wetu: Yunia. Mbuzi ya baba yenye ilivunjika muguu: Sifa. Mais baba ya Kavira? Mama yake? Hakuna kitu.

Nikapigia kaka yangu mukubwa simu, Yaya Paluku, mwenye anakaa Bungulu kule Beni. Nikamuuliza Kavira alikuwa wa nani. Naye akaniuliza:

"Masika, nyuma yako mama alizaa binti gani?"

"Kavugho."

"Kavugho ni binti wa ngapi?"

Kwetu Banande jina inahesabu. Masika ni binti wa kwanza, Kavira wa pili, Kavugho wa tatu. Maisha yangu yote naita mudogo wangu Kavugho, na sikujiuliza hata siku moja wa pili alienda wapi.

Yaya akasema Kavira alizaliwa, akaishi siku ine. Mimi nilikuwa ndio naanza kutembea. Kisha pale hapana mutu alitaja tena ile jina mu nyumba, isipokuwa mimi, kule mu maharagi.

"Tulikuwa tunakuona unacheza peke yako," akasema. "Mama alitukataza kukucheka."

Donc sijui. Ile goti niliiona wapi? Na mama, akiniita kula, alikuwa ananipa viazi mbili. Mutoto wa kadiri yangu hakuweza kumaliza viazi mbili.

Fundisho yangu ni hii: mutoto akizungumuza na mwenye hamumuoni, musimucheke. Mumuulize jina.

Mais kuna kitu inanisumbua. Saa ya maombi nataja bafu wangu wote, jamaa benye balishakufa, mumoja mumoja. Huyu nimutaje kama mudogo wangu wa siku ine, ao kama rafiki mwenye nilicheza naye myaka? Ni mutu mumoja ao ni babili?

Mwenye anajua aniandikie hapa chini. Mimi, kwa kungojea, namutaja mara mbili.